Televisheni Haihukumiwi kwa Miaka Yake

Katika vijiji vya barabara inayotoka Mweso kwenda Kalembe, mashariki mwa Kongo, Kashuga kikiwa kimojawapo, televisheni haikuja kwa waya wa umeme. Ilikuja na jenereta, baadaye na betri na paneli ya jua, na mara nyingi ilifika ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine huko Goma au mbali zaidi. Hilo liwekwe mbele kabla ya kuuliza kama chombo kikuukuu kitengenezwe au kinunuliwe kipya, maana ushauri mwingi tunaopewa umetungwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme uko ukutani na duka liko mtaa wa pili. Mtu huyo hupewa kanuni nyepesi: fundi akitaka zaidi ya nusu ya bei ya kitu kipya, achana naye, nunua. Huambiwa pia kwamba chombo kikipita miaka kumi kimezeeka, kisigharimiwe tena. Naona kanuni hizo mbili, ya nusu ya bei na ya umri, hazitufai huku. Mwenye televisheni anayoipenda aulize mambo mawili tu: ni kipande gani kilichokufa, na chombo chote kinakula umeme kiasi gani. Majibu yake mara nyingi yatampeleka kwa fundi. Mara chache yatampeleka sokoni, na hapo mapenzi hayana budi kunyamaza.

Tuanze na kipande. Televisheni ya chogo, ile nene yenye mrija wa kioo, hufanya kazi kwa joto jingi, na joto ndilo linaloimaliza. Ndani yake kuna kapasita zenye kimiminika kinachokauka taratibu mwaka hadi mwaka. Zikishachoka huvimba kichwani, hata asiye fundi huziona. Dalili zake zinajulikana: televisheni inachelewa kuwaka, inalia tik-tik na kuzima, au picha inajikunja juu na chini. Kapasita moja ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na chombo kizima. Ugonjwa wa pili ni solda iliyopasuka kuzunguka miguu ya vipande vizito, hasa kile kinachotengeneza umeme mkali wa mrija. Ndiyo televisheni ile inayorudi ikipigwa kofi ubavuni. Dawa yake ni kuyeyusha solda upya, kazi ya dakika chache kwa mwenye mkono uliozoea. Solda ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, kwa hiyo hata chuma kilichopashwa kwenye makaa kinaimudu. Na bati si kitu kigeni kwetu. Karibu nusu ya bati ya dunia huishia kwenye solda, na mlima wa Bisie, huko Walikale, ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa Afrika. Miaka ya 2000 mawe yake yalibebwa mgongoni kupita msituni, kisha ndege ndogo zikayachukua Kilambo, zikitua juu ya lami ya barabara kwa kukosa uwanja, na kuyapeleka Goma. Tangu 2019 kuna mgodi wa mashine wa kampuni ya Alphamin. Jimbo letu la Kivu Kaskazini, hilohilo linaloiuzia dunia kitu kinachoshikilia televisheni zake linaambiwa kwamba kushikilia upya mguu mmoja wa kipande ni kupoteza fedha. Sikubali.

Televisheni bapa nazo zina ugonjwa wao wa kawaida. Nyuma ya kioo kuna mistari ya taa ndogo zilizounganishwa moja baada ya nyingine, na taa moja ikikatika, mstari mzima huzima, pengine skrini yote. Mwenye nyumba husikia sauti, haoni kitu, akasema imekufa. Haijafa. Zima taa ya chumbani, kisha mulika tochi kwa upande, karibu kabisa na skrini: ukiona picha hafifu ikitembea, kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma, ambazo hubadilishwa. Ikiwa haiwaki hata kitaa kidogo cha mbele, fundi hutazama kwanza bodi ya umeme, na huko tena atakutana na kapasita zilizovimba, hasa kwa chombo kilicholishwa umeme wa jenereta unaopanda na kushuka. Lakini ikiwa kioo chenyewe kimepasuka, hakuna fundi. Kioo cha televisheni bapa hukaribia bei ya televisheni yenyewe, na kukibandika ni kazi ya kiwandani. Hali ni hiyohiyo kwa chogo ambalo mrija wake umechoka, picha imekuwa nyeusi na yenye ukungu hata baada ya kuwaka kwa nusu saa. Viwanda vya mirija hiyo vimefungwa karibu vyote duniani. Kuutafuta mpya ni kujisumbua.

Hapa ndipo kanuni ya umri inapoanguka. Chogo la miaka ishirini lenye kapasita iliyovimba lina maisha mbele yake. Televisheni bapa ya mwaka mmoja iliyopasuka kioo ikishuka kwenye pikipiki imekwisha. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hahesabu miaka ya mbao zake. Hutazama gurudumu na ekseli, akabadilisha kilichoisha, na kesho yake akashuka tena mlima na viazi. Anayehesabu miaka ni muuzaji, kwa sababu miaka ndiyo hoja pekee isiyohitaji kufungua mfuniko wa nyuma.

Na kanuni ya nusu ya bei? Swali lake la kwanza ni bei ya wapi. Televisheni iliyoandikwa bei dukani Goma haijafika Kashuga. Ina safari ya kupanda kupitia Sake na Kitchanga, barabara ambayo mvua huigeuza tope zito, na ina barieri. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili, vya jeshi, vya makundi yenye silaha, vya watumishi wa serikali, na vingi vilikuwa na ushuru wake. Waliokuwa wakipita njia hizo hawakuhitaji ripoti kujua kwamba kila kinachosogea hulipishwa. Tangu wakati huo hali haikuwa nyepesi zaidi: Kitchanga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa kwanza 2023, Goma yenyewe mwezi wa kwanza 2025, na baada ya hapo benki za Goma zikafunga milango na uwanja wa ndege ukanyamaza. Kwa hiyo anayelinganisha gharama ya fundi na bei ya dukani analinganisha kitu kilicho mkononi na kitu kilicho ng'ambo ya barieri. Ongeza nauli, ongeza ushuru, ongeza hatari ya kioo kupasuka njiani, hatari ambayo muuzaji hailipii. Ukishajumlisha hivyo, kazi ya fundi yenye thamani ya theluthi mbili ya bei ya Goma inaweza bado kuwa nafuu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaouza husahau kulisema. Nyingi ya televisheni zinazoitwa mpya katika masoko yetu ni mpya kwa mnunuzi tu. Zimetumika mahali, zikaingia kwa makontena, zikapitia mikono kadhaa. Hakuna anayejua ziliwashwa saa ngapi kwa siku, kama zilinyeshewa, kama fundi mwingine alishazifungua na kuacha waya umening'inia. Televisheni ya nyumbani, kinyume chake, ina historia inayojulikana: nani aliinunua, lini ilizima kwa mara ya kwanza, nini kilibadilishwa. Chombo kinachopendwa hufunikwa kitambaa kisiingie vumbi, huchomolewa radi zinapoanza milimani, hakiwekwi karibu na moshi wa jikoni. Ndiyo maana siwafuati wale wanaosema mapenzi yatolewe kabisa kwenye hesabu. Yana sehemu isiyopimika, sawa, lakini yana sehemu nyingine inayoonekana kabisa mfuniko ukifunguliwa: vumbi kidogo, miguu isiyo na kutu, plastiki isiyopasuka. Fundi mzuri hutazama hilo kabla ya kutaja bei.

Sehemu isiyopimika nayo nisiipite bila kuigusa. Televisheni moja huku huwa ni ya watu wengi. Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilitazamwa kwenye machogo yaliyozungukwa na benchi. Tarehe 7 Februari 2016 Wakongo waliifunga Mali 3-0 huko Kigali na kuchukua kombe la CHAN. Miaka minane baadaye, tarehe hiyohiyo, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Abidjan, wachezaji wa Kongo walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kwenye panja kama bunduki, ili dunia ione kuuawa na kunyamaziwa kwa watu wa mashariki. Siku hizo mapigano yalikuwa yamefika karibu na Sake. Kongo ilifungwa 1-0 na Côte d'Ivoire, na wengi hawakumbuki aliyefunga bao. Wanakumbuka ile mikono. Mtu anayesema chombo kilichowaletea majirani picha ile ni plastiki na waya tu anasema kweli, ila hajasema yote. Hata hivyo sitaki kulitumia jambo hili kupita mipaka yake. Picha ile ingeonekana vilevile kwenye televisheni nyingine. Ninachodai ni kidogo zaidi: kama watu ishirini hutazama chombo kimoja, gharama ya kukitengeneza igawanywe kwa watu ishirini kabla haijaitwa kubwa, na wiki tatu za kusubiri kipya kutoka Goma zihesabiwe kuwa ni wiki tatu za watu ishirini.

Na sauti pia. Filamu za nje zenye msimulizi wa Kiswahili, kazi iliyowapa jina Lufufu kule Dar es Salaam na DJ Afro kule Kenya, husikilizwa kwanza, kutazamwa baadaye. Machogo mengi yalikuwa na spika zinazomkabili mtazamaji. Televisheni bapa, kwa wembamba wake, huzificha nyuma au chini, na katika chumba chenye paa la mabati mvua ikinyesha, msimulizi hupotea. Ni jambo dogo, lakini mwenye ukumbi wa video analijua.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, nayo ni umeme. Hapa ndipo wapenzi wa machogo, nikiwamo, tunapobanwa. Chogo la inchi 21 hula takribani wati 80. Ongeza king'amuzi cha wati 10, ongeza upotevu wa kibadilishi kinachogeuza umeme wa betri, ambao huweza kufika asilimia 15, na betri inatoa wati 106 hivi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini asiyetaka kuiua mapema hatumii zaidi ya nusu yake. Wati-saa 600 ukigawanya kwa 106, hupati hata saa sita. Televisheni bapa ya inchi 32 yenye wati 40, kwa hesabu hiyohiyo, inakupa saa kumi. Na zile ndogo zinazochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 bila kibadilishi, zenye wati 20 hivi, zinafika saa ishirini. Tazama pia upande wa paneli: saa nne za chogo kila usiku zinataka wati-saa 424, na paneli ya wati 100 ikipata saa nne za jua zuri inaleta 400 tu, kabla ya kuchaji simu hata moja. Milima ya Masisi, ambako mawingu hayana ratiba, saa nne za jua zuri si jambo la kutegemea. Ile ndogo ya volti 12 inataka 120. Tofauti hiyo ni taa za watoto kusomea, ni simu za majirani, ni betri inayodumu miaka badala ya miezi.

Kwa hiyo nakubali: nyumba inayoishi kwa betri na paneli, na ambayo chogo lake limeharibika, ina sababu ya haki ya kununua televisheni ndogo ya volti 12 hata kama chogo linatengenezeka. Lakini hoja hii isitanuliwe kumfunika kila mtu. Ukumbi wa video unaoendeshwa kwa jenereta haupati faida hiyo. Jenereta ndogo ya petroli hunywa karibu nusu lita kwa saa hata ikiwa na mzigo mdogo. Kuiondolea wati 40 hakubadilishi sana kiasi cha petroli. Mwenye ukumbi atengeneze. Wala hoja hii haimhusu mwenye televisheni bapa iliyozima taa za nyuma, maana chombo chake tayari kinakula kidogo. Naona katika mazungumzo mengi watu huchanganya mambo haya mawili: wanachukua kasoro ya chogo, ulafi wa umeme, wanaitumia kuhukumu kila televisheni kuukuu.

Pingamizi linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi ni la mafundi wenyewe. Wanabahatisha, watu wanasema. Anabadilisha kipande hiki, kesho kile, mwisho umelipa bei ya televisheni mbili. Malalamiko haya yana ukweli, na mapenzi kwa mafundi yasituzuie kuukiri. Ila tuulize kwa nini fundi anabahatisha. Hana mchoro wa bodi, hana vipande halisi, na mtengenezaji hakutaka awe navyo. Ulaya tatizo hilo lilionekana kuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria: tangu Machi 2021 mtengenezaji wa televisheni anayeuza katika Umoja wa Ulaya analazimika kuwapatia mafundi vipande fulani kwa angalau miaka saba baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na katika orodha hiyo imetajwa bodi ya umeme na kapasita zinazozidi mikrofaradi 400. Yaani kipande kilekile kinachovimba huku ndicho watunga kanuni wa Brussels waliona lazima kitajwe. Ufaransa nayo, Januari 2021, iliagiza televisheni ziuzwe zikiwa na alama inayoonyesha urahisi wa kutengenezwa. Chombo hichohicho kikifika Kivu, sheria imebaki nyuma, fundi anafungua mfuniko akiwa na tochi na kumbukumbu yake. Kwamba hata hivyo anafufua vyombo vingi ni ushahidi wa ustadi. Na ustadi huo haukui bila kazi: kila televisheni inayotupwa bila kufunguliwa ni somo ambalo kijana anayejifunza kwa fundi hakulipata, na fedha iliyoondoka Kashuga kwenda kwa mwagizaji.

Wengine husema televisheni kuukuu haipokei matangazo ya dijitali. Jibu ni fupi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, Kenya ikazima 2015, na machogo ya nchi zote mbili yaliendelea kuwaka kwa ving'amuzi vilivyochomekwa kwenye matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe. Ving'amuzi vya siku hizi vingine vimeacha matundu hayo, lakini kuna vifaa vidogo vya kubadili. Wanaosema simu imeshaua televisheni nawaachia wajaribu kutazama fainali watu kumi na watano kwenye simu moja.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la vita. Kashuga imepokea kambi za waliokimbia kwa miaka mingi, na yenyewe imekimbiwa zaidi ya mara moja. Katika hali hiyo, mtu anauliza, kwa nini nitie fedha kwenye chogo lenye kilo zaidi ya ishirini ambalo siwezi kulibeba, ilhali televisheni bapa ya kilo tano naweza kuifunga kwenye godoro? Uzito ni hoja ya kweli, na familia iliyokwisha kukimbia inajua thamani yake kuliko mwandishi. Lakini tazama upande wa hasara. Anayekimbia na kukuta nyumba imeporwa amepoteza, kama alitengeneza, dola chache za kapasita na jasho la fundi, pamoja na chombo alichokwisha kukitumia miaka. Kama alinunua kipya wiki iliyopita, amepoteza akiba yote. Mahali ambapo kesho haina uhakika, matumizi madogo yanayorefusha kilichopo yana busara kuliko matumizi makubwa yanayoanza upya. Hilo liko wazi hata kwa mbuzi na mabati. Sioni kwa nini lisiwe kwa televisheni.

Ikiwa maswali yote yamejibiwa na jibu ni kununua, chombo cha zamani kisipelekwe jalalani, wala watoto wasiachiwe mrija. Kioo cha chogo kina risasi nyingi, na mrija ukivunjwa vibaya hupasuka kwa kishindo. Hata ukiwa umezimwa unaweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti, kwa hiyo asiye fundi asiuguse. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na Afrika ilikusanya na kuchakata kwa njia rasmi chini ya asilimia 1 ya taka zake. Karibu na Kashuga hakuna kiwanda cha kazi hiyo. Kilichopo ni meza ya fundi, na kwake televisheni iliyokufa kioo bado ina spika, bodi, koili za shaba na vipande vya kufufulia televisheni nyingine. Muuzie, au mpe kama sehemu ya malipo.

Na ukiamua kutengeneza, msomaji, elewaneni bei kabla mfuniko haujafunguliwa. Kisha mwombe fundi mambo mawili: akurudishie kipande alichokitoa, na aandike kwa kalamu ya wino, ndani ya mfuniko wa nyuma, tarehe na alichobadilisha. Fundi atakayefuata hatabahatisha.